Hifadhidata ya Lichess: tunaipima kwa farasi, askari na ngome

Karibuni, wapenzi wa sataranji. Leo nachambua kifaa kimoja tu, hifadhidata ya hatua za mwisho iliyomo ndani ya Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, na tutaipima kwa fumbo. Kabla ya kuifungua, pangeni kete tulifumbue kwa vichwa vyetu.

Mweupe ana mfalme f3, farasi e3 na askari a6. Mweusi ana mfalme d6 na ngome b5. Mweupe anaanza, na anatakiwa ashinde. Simamisheni video hapa.

Haya. Najua wengi mmempeleka farasi c4, kwa sababu ni cheki na cheki inavutia. Tuifuate basi. Mfalme mweusi anarudi c7, askari anasogea a7, mfalme anaingia b7, na askari hana pa kwenda. Ushindi umeyeyuka.

Hatua yenyewe ni askari a7, bila cheki yoyote. Sasa tazameni ngome inavyohangaika. Ikienda b8, askari anaila na kupanda cheo hapohapo. Ikipiga cheki f5, farasi anaila, tena kwa cheki. Ikishuka b3, farasi ameziba njia ya kumfikia mfalme, kwa hiyo si cheki, na askari anakuwa malkia. Imebaki a5 peke yake, nyuma ya askari. Ndipo farasi anaruka c4! Anamtishia mfalme d6 na ngome a5 kwa mpigo mmoja. Mfalme akimbilie anakotaka, farasi anaila ngome na hakuna tena wa kumzuia askari. Hatua ni ileile iliyoharibu mambo mwanzoni, ila sasa imekuja kwa wakati wake. Mimi fumbo la namna hii silichoki.

Sasa tuifungue hifadhidata. Kwenye ubao wa uchambuzi gusa alama ya kitabu. Kete zikiwa saba au pungufu, wafalme wakiwemo, majibu yanatokea yenyewe. Inapanga hatua kwa makundi: za kushinda, za sare, za kushindwa. Hii siyo injini, yaani programu inayocheza sataranji kwa kukadiria. Hali zote zilikwishapigwa hesabu hadi mwisho, na jibu ni la hakika. Mfumo wake unaitwa Syzygy, kazi ya Ronald de Man, na Lichess wameweka kete saba tangu 2018. Hulipi chochote na hakuna matangazo. Kwa usahihi siipunguzii hata alama moja.

Malalamiko yangu yako kwenye maelezo. Ile namba iliyo kando ya kila hatua inawachanganya wanafunzi. Wanadhani inahesabu hatua za kumfunga mfalme, kumbe namba hiyo, iitwayo DTZ, inahesabu hadi askari asogezwe au kete iliwe, kwa ajili ya kanuni ya hatua 50: zikipita hatua 50 bila hayo, mchezaji anaweza kudai sare. Ndiyo maana wakati mwingine inakupendekezea njia ambayo binadamu asingeichagua. Na haikuambii kwa nini. Kujua kwamba umeshinda hakutoshi: miaka ya 1970 Walter Browne, bingwa wa Marekani, alicheza malkia dhidi ya ngome akipambana na hifadhidata ya mwanakompyuta Ken Thompson. Hali ile ilikuwa ya kushinda kwa hatua 31, lakini mara ya kwanza alishindwa kuimaliza ndani ya hatua 50.

Kwa hiyo mimi naitumia hivi. Nikishapata jibu, nasogeza kete moja mraba mmoja na kutazama kinachobadilika. Mchukueni mfalme mweupe kutoka f3 mumweke f2. Mengine yote yaacheni. Askari aende a7, na sasa ngome inapiga cheki b2, kwa kuwa farasi hayuko njiani. Mfalme akihama, ngome inakwenda a2, iko nyuma ya askari, na kutoka c4 farasi haifikii a2. Hakuna ushindi. Ukiona hivyo ndipo unaelewa kwamba mfalme pale f3 alikuwa amejificha nyuma ya farasi wake, na kwamba e3 ulikuwa mraba wenye kazi tatu: kuziba safu, kulinda f5, na kusubiri c4.

Kama mtandao wako ni wa kusuasua, hifadhidata ya kete tano ni chini ya gigabaiti moja, unaweza kuipakua ukaitumia kwenye kompyuta na programu inayoisoma. Kete sita zinadai kama gigabaiti 150. Za saba, karibu terabaiti 17, waachieni Lichess. Kwa mafumbo ya farasi na askari dhidi ya ngome kama hili, tano zinatosha kabisa.