Chuo kidogo hapa Mbale, Uganda: nyota nne, zote za walimu

Dada yangu anakaa Malaba, bintiye kamaliza sinia siksi, yaani kidato cha sita, juzi kanipigia ananiuliza eti kile chuo ulichosoma ni kizuri? Nikaanza kumwelezea majengo na maktaba nikaona naongea upuuzi, manake majengo ni mabati na rangi ya krimu inayobanduka, na maktaba mkiingia kumi na wawili, wa kumi na tatu anasimama. Nilichotaka kumwambia ni walimu. Jina la chuo silitaji kwa sababu huko chini nitalalamika kidogo na mji wenyewe mdogo, wa Mbale mtajijua.

Darasa letu tulikuwa watu 19. Yaani ukikosa siku moja lekchara anajua, lakini na wewe pia unamjua yeye, unajua Jumamosi anafanya nini na Jumatatu kwa nini amekuja na sura ile. Makerere yenyewe ilianza 1922 na wanafunzi 14 tu, nadhani wale wa kwanza walisoma hivihivi tulivyosoma sisi. Halafu nikisema profesa msinishike shati, profesa wa kweli mwenye joho lake hakuwepo hata mmoja, vyeo tulikuwa tunawagawia sisi wenyewe kantini.

Wa kwanza mzee wa hesabu. Darasani mkavu kama muhogo wa kuanika, anaongea na ubao kuliko sisi. Ila saa kumi jioni mkute chini ya mwembe na mbao yake ya mweso, yaani bao la Waganda, utadhani ni mtu mwingine, anacheka, anapiga mapaja, anatukana kete. Mimi nimekulia kwenye bao, babu mzaa mama ni mtu wa Mombasa, nikasema huyu namla mapema, si ni mashimo 32 yaleyale na kete 64 zilezile? Kumbe wapi. Bao letu unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza moja moja, una nafasi ya kumsoma mwenzio. Mweso unapewa 32 zako unazipanga unavyojua upande wako halafu vita vinaanza. Kanifunga mara sita mfululizo. Ya saba akasimama akaniuliza, "Kijana, umepanga hivyo kwa nini?" Nikamwambia basi tu, mwalimu. Akasema, "Hiyo basi tu ndo iliyokupa 41 kwenye testi yangu." Akachukua kijiti akaanza kunichorea mchangani, kete 32 mashimo 16 ya upande wako, namna za kuzipanga zinazidi bilioni 751, na namba ikatoka pale mbele ya macho yangu, hatua kwa hatua. Kombinesheni nilizofeli tangu sinia faivu nimezielewa nimekaa juu ya mzizi wa mwembe, chapati mkononi.

Wa uhasibu ana shamba la kahawa kule juu Budadiri. Anaikaanga mwenyewe kwenye kikaango nyuma ya ofisi, siku ya mtihani harufu inaingia ukumbini mpaka unasahau debiti ni upande gani. Kila mfano wake ni kahawa: kilo sita hivi za matunda mekundu, umenye, uchachushe, uoshe, uanike, unabaki na kama kilo moja ya buni safi, sasa niambie kilo tano zimeenda wapi na nani amelipia. Hakuna aliyetoka kwake hajui kukokotoa gharama. Kasoro yake, msimu wa kuchuma ukifika hayupo, anatuma ujumbe "someni sura ya nne" na sura ya nne tumeisoma mara tatu.

Madamu wa bayolojia ni mtu wa ndege. Saa kumi na moja alfajiri yuko nje na darubini shingoni, na anakwambia Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege kwa sauti ya mtu anayesomea wenzie orodha ya mali zake. Alitupeleka Mabamba, kinamasi kile cha upande wa Entebbe, kumwona yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Tukiwa kwenye mtumbwi mpiga kasia akasema huyu chakula chake ni mamba. Sisi tuliozaliwa na Kiswahili tukashika kingo za mtumbwi, mmoja akaanza kusali kabisa. Kumbe kwa Kiganda mamba ni samaki, yule wa kwenye matope anayevuta pumzi kama mtu! Madamu alicheka mpaka akadondosha kofia majini. Mpiga kasia akatuambia zamani wavuvi walikuwa wanamwona huyo ndege ni mkosi, wanamuua, siku hizi anawaletea wageni na hela. Ndege mwenyewe alisimama pale zaidi ya nusu saa hajapepesa, na madamu naye hivyohivyo, wanaangaliana.

Wa historia nampitisha haraka. Mwaka wa kawaida ni mtu mpole, ila mwaka wa imbalu, ile tohara ya vijana wa Kimasaba ya miaka shufwa kama 2022 au 2024, Agosti ikifika anaenda uwanja wa Mutoto na anarudi hana sauti kwa ajili ya ngoma ya kadodi. Wiki hiyo somo ni kwa ishara.

Sasa mwalimu wa Kiswahili, huyu mama nampenda lakini ana vita zake. Hobi yake ni kupiga picha mabango yaliyokosewa. Simu imejaa "duka ya viatu" na "hapana kojoa hapa". Siku moja kanunua kopo la rangi kwa hela yake akamwendea mwenye duka amrekebishie bango bure, jamaa kakataa, eti nnyabo, yaani mama, wateja wameshazoea. Hakulala. Na ukitaka kumwona amewaka mwambie Kiswahili ni lugha ya askari na wezi kama watu wengi hapa wanavyosema. Atakuanzia 1973 Amin alipoitangaza lugha ya taifa, atapita 2005 ilipoingizwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili, atafika Julai 2022 baraza la mawaziri liliposema ifundishwe shuleni lazima, halafu atakuuliza, "Sasa mwanangu, walimu wako wapi?" Unatoka hapo unataka kuwa mwalimu. Wawili wa darasa letu wamekuwa kweli.

Si wote lakini. Wa kompyuta alikuwa anafundisha vyuo vitatu kwa siku, hobi yake ni kuangalia saa, anaongea na boda yake inanguruma nje. Simlaumu sana, analipwa kwa saa, ila karo yangu haikupunguzwa.

Na hapo ndo nyota ya tano ilipopotelea, ofisi ya karo. Nimelipa benki, nimeleta slipu, semista ikaisha naambiwa jina halipo, kadi ya mtihani hupati. Siku tatu naenda narudi, yule dada wa dirishani hata kichwa hainui. Ya nne mzee wa hesabu kaniona nimekaa kwenye ngazi, hakuuliza mengi, akaingia na mbao yake ya mweso kwapani, akavuta kiti mle ndani, akaanza kupanga kete mezani kwao taratibu. Akasema yeye hana haraka. Slipu yangu ilionekana chini ya faili jingine kabla hajamaliza kupanga safu ya pili.

Kwa hiyo anayeuliza, kwanza hakikisha kozi unayoitaka ipo kwenye orodha ya NCHE, wale wa baraza la elimu ya juu, hiyo fanya kwa chuo chochote usione aibu. Halafu nenda saa kumi jioni, siyo asubuhi wakati wa kupewa karatasi za rangi, ukae karibu na mwembe uone walimu wapo au wamekimbia.

Binti ya dada anaingia Agosti. Nimemwambia aje na nakala tatu za kila slipu, na asithubutu kucheza na yule mzee kwa hela.