Dubai na Abu Dhabi ukiwa na mtoto wa miaka miwili: bustani zipi za michezo zinastahili pesa yako

Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida haingii kwa tiketi kwenye bustani kubwa za michezo za Dubai na Abu Dhabi. Nyingi huanza kutoza mtoto akishatimiza miaka 3. Anayelipa ni wewe. Kwa mtu mzima, siku moja kwenye zile bustani kubwa hukaribia au huzidi dirhamu 300, yaani kama dola 82 za Marekani au riali 31 za Oman. Baba na mama wakiingia wote wawili, zaidi ya dola 160 zimeshaondoka kabla hamjanunua hata chupa ya maji. Na vile vitu vinavyotangazwa kwenye mabango ya barabarani hamtavipanda pamoja, kwa sababu lazima mmoja wenu abaki chini na mtoto.

Ndiyo maana orodha za "bustani bora za Dubai" zinazozunguka mitandaoni hazimfai mzazi wa mtoto mdogo. Zimepangwa kwa kuangalia treni ipi ya kupanda na kushuka ina kasi zaidi. Hapa nimezipanga upya kwa kigezo kimoja: saa ngapi ndani ya bustani mtoto mwenyewe atakuwa anafanya kitu, badala ya kukaa kwenye kigari akisubiri wakubwa.

Kabla ya orodha, kuna mambo mawili ya kupima ukiwa bado nyumbani.

La kwanza ni kimo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa wastani anapotimiza miaka 2 ana sentimita 86 au 87, na akitimiza 3 anafika 95 au 96. Msimamishe ukutani bila viatu, weka alama ya penseli, pima kwa futi kamba. Kila mchezo una kipimo mlangoni na mfanyakazi anayekisimamia, na pale hakuna kubembeleza wala "huyu ni mrefu kidogo akinyoosha shingo". Michezo mingi ya kasi huanzia mita moja kwenda juu. Ukishakijua kimo cha mwanao, fungua tovuti ya bustani usome mchezo mmoja mmoja, uhesabu anayoruhusiwa. Ikifika minne au mitano tu, tafuta bustani nyingine.

La pili ni jua. Watu wa Pwani huwa tunajidanganya kwamba joto tumelizoea, lakini joto la Ghuba kati ya Juni na Septemba ni jambo jingine kabisa. Hupita nyuzi 40, na usiku halishuki vya kutosha. Serikali ya Imarati yenyewe hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Kama mjenzi mwenye misuli anatolewa juani saa hizo, mtoto wa kilo 12 hana cha kufanya nje. Likizo yako ikiangukia Julai au Agosti, futa kwenye orodha kila bustani isiyo na paa. Novemba hadi Machi uko huru zaidi.

Nafasi ya kwanza: SeaWorld, kisiwa cha Yas, Abu Dhabi

Hii ilifunguliwa Mei 2023 na ndiyo SeaWorld ya kwanza kujengwa nje ya Marekani. Karibu yote iko ndani ya jengo lenye kiyoyozi, kwa hiyo haina msimu. Naiweka juu ya zote kwa sababu nyepesi: kitu kikuu cha kufanya pale ni kutazama, na kutazama hakuhitaji kimo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapata kilekile anachopata mtu mzima, na pengine zaidi, maana yeye hana haraka.

Mpeleke kwanza kwenye pengwini, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mwache ashuke kwenye kigari asogee mwenyewe hadi kwenye kioo. Utamwona anabandika viganja viwili, pua inaacha alama ya mvuke, na pengwini akipita chini ya maji anageuka kumfuata hadi ukingoni, kisha anarudi kumsubiri mwingine. Mtoto huweza kukaa hapo muda mrefu kuliko unavyotarajia. Usimvute kwenda "kuona vingine". Kwa umri huu, kioo kimoja alichokipenda ni sehemu kubwa ya siku.

Upande wa baridi ya kaskazini wapo pia walrasi, wale wanyama wakubwa wenye pembe mbili zinazotoka mdomoni. Tangi kubwa kuliko yote, katika sehemu iitwayo Endless Ocean, lina zaidi ya lita milioni 25 za maji, na ndani yake wapo papa, kasa na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Mwanga pale ni hafifu na samaki huenda polepole, kwa hiyo ndipo pazuri pa kumlaza mtoto kwenye kigari saa yake ya usingizi ikifika. Halafu kuna MicroOcean, eneo lililotengenezwa kwa ajili ya wadogo, lenye michezo midogo na mahali pa kupanda na kutambaa. Liache hadi baada ya usingizi, akiwa na nguvu mpya.

Jambo la kulifikiria: kuna pomboo wanaofugwa, na wapo wazazi ambao hawataki kulipia hilo. Naielewa hoja yao. Nyangumi wauaji, walioiletea kampuni hiyo lawama nyingi Marekani, hapa hawapo kabisa. Amua mwenyewe kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili: Legoland Dubai, lakini kwa msimu wa baridi tu

Ilifunguliwa Oktoba 2016 upande wa Jebel Ali, kando ya barabara kuu iendayo Abu Dhabi. Imelengwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na hilo si maneno ya tangazo tu: unaliona kwenye urefu wa ngazi, kwenye meza, kwenye masinki. Eneo la kumtafutia mdogo linaitwa Duplo, jina la yale matofali makubwa ya kuchezea yasiyomezeka. Kuna treni ndogo na mahali pa kuchezea. Jengo la Miniland, lenye miji iliyojengwa kwa matofali ya Lego, limefunikwa na lina baridi. Burj Khalifa ya mle ndani inamzidi mtu mzima mara nyingi kwa urefu, na mtoto anaizunguka bila kuchoka.

Kwa nini basi haikushika ya kwanza? Sehemu kubwa iko nje, na vivuli vilivyopo havitoshi Julai. Pia inampendelea mtoto wa miaka mitatu kuliko wa miaka miwili. Shule ya udereva ya wadogo, ambayo wengi huipenda kuliko kitu kingine chochote, inachukua watoto wa miaka 3 hadi 5. Mwanao akiwa na miaka miwili na miezi kumi na safari inaweza kusogezwa, isogeze. Ukiwa na watoto wawili, mmoja wa miaka 2 na mwingine wa 6, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza bila ubishi: hakuna bustani nyingine ya huko ambayo wote wawili watashiba.

Nafasi ya tatu: Global Village, Dubai

Wengine watashangaa kuikuta hapa juu, maana si bustani ya michezo kwa maana ile ya kawaida. Ni uwanja mkubwa wa mabanda ya nchi mbalimbali, Afrika ikiwemo, wenye vyakula, maonyesho na taa. Hufunguliwa msimu wa Oktoba hadi Mei, kuanzia saa 10 jioni. Kiingilio hakifiki dirhamu 40, na watoto wadogo na wazee wa kuanzia miaka 65 huingia bure.

Hilo la wazee ndilo linaloibeba. Safari zetu mara nyingi huwa na bibi au babu ndani yake, na bustani nyingi za Dubai hazina cha kumpa zaidi ya benchi la kukalia. Hapa bibi anatembea banda kwa banda, anauliza bei ya udi, anaonja asali, na mjukuu yuko pembeni yake anashangaa taa. Michezo ya mabembea inalipiwa pembeni, kwa hiyo unalipia anachopanda tu. Epuka jioni za Ijumaa na Jumamosi, msongamano unatisha. Kwa misimu mingi Jumanne imekuwa ikitengwa kwa ajili ya familia na wanawake, na ndiyo siku ninayoipendekeza.

Nafasi ya nne: Warner Bros. World, Abu Dhabi

Iko Yas pia, imefunguliwa tangu Julai 2018, na yote iko ndani ya jengo. Mtoto anayewajua Tom na Jerry, Bugs Bunny na jamaa zao atafurahi kwenye eneo la Cartoon Junction, penye farasi wa kuzunguka na mahali pa kuchezea. Bedrock, mji wa akina Flintstone, ile familia ya katuni, nao unapitika vizuri. Ila maeneo ya Gotham na Metropolis, miji ya Batman na Superman, ni ya wakubwa: Gotham ina giza, sauti nzito na sura za kutisha, na mtoto wa miaka miwili hajui kwamba ni maigizo. Hivyo umelipia maeneo sita na mtatumia mawili au matatu. Ni chaguo zuri Agosti, kwa familia yenye mtoto mwingine mkubwa. Wazazi wapokezane, mmoja apande na mkubwa, mwingine abaki na mdogo kwenye farasi.

Nafasi ya tano: bustani za maji

Yas Waterworld na Legoland Water Park zote zina vidimbwi vya wadogo, maji ya kina kifupi na bomba ndogo za kuteleza. Aliyezoea kumpeleka mtoto Kunduchi kule Dar anajua furaha yake. Nimeziweka chini kwa sababu mtoto wa umri huu hucheza majini kwa raha kama saa moja na nusu, halafu anatetemeka, ananuna na kutaka kulala. Tiketi ya siku nzima imeishia hapo. Hoteli nyingi za Dubai zina kidimbwi cha watoto ambacho kitampa raha hiyohiyo. Mkienda, chukueni nepi za kuogelea, zile za kawaida hufyonza maji na kuvimba. Na macho yasitoke kwa mtoto hata kama mlinzi yupo.

Zilizobaki

Ferrari World iache hadi mtoto akue. Sifa yake kubwa ni Formula Rossa, treni ya kilomita 240 kwa saa. IMG Worlds of Adventure ina paa na baridi nzuri, lakini mashujaa wake na dinosaria wake wanaonguruma wanamfaa mtoto wa miaka 6. Motiongate ina kijiji cha Smurfs, wale vikatuni wa buluu, na farasi wa kuzunguka wa filamu ya katuni ya Madagascar. Si mbaya, ila ukiwa umeshafika pale, Legoland iko jirani na inampa mdogo zaidi.

Na kama bajeti imebana, lipo tangi la samaki la Dubai Mall. Lina lita milioni 10, na kioo chake kikubwa kinatazamana na korido ya maduka, kwa hiyo unaweza kusimama hapo na mtoto nusu saa nzima bila kulipa senti. Tiketi ni ya kupita kwenye njia iliyo chini ya maji na kupanda ghorofani. Kwa mtoto wa miaka miwili, kioo cha nje kinatosha.

Kuhusu kununua tiketi

Nunua mtandaoni kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na ulinganishe na bei ya langoni. Mara nyingi ya mtandaoni huwa chini. Tiketi za kuunganisha bustani mbili au tatu kwa siku chache ndizo mtego mkubwa kwa mwenye mtoto mdogo. Kwenye karatasi zinaonekana rahisi, lakini mtoto aliyeshinda bustanini leo anahitaji kesho ya kupumzika hotelini, na tiketi haimsubiri. Bustani moja kwa siku moja, kisha siku tupu, ndiyo ratiba inayofanya kazi.

Wanaotoka Oman wakumbuke kwamba wikiendi hazilingani: kwenu ni Ijumaa na Jumamosi, Imarati tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku za foleni fupi, mradi shule hazijafungwa. Ramadhani saa za kufungua hubadilika, ziangalieni upya.

Chakula cha kutoka nje kwa kawaida hakiruhusiwi, ila cha mtoto mdogo na maziwa yake huwa hawakatai; kiweke juu kwenye mkoba, kionekane wakati wa ukaguzi. Mkikodi gari, agizeni na kiti cha mtoto, kwa sababu sheria ya Imarati tangu 2017 inakitaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 4. Mkifikia hoteli ya Yas, basi la Yas Express linazunguka bustani za kisiwa bila malipo, na kigari kinaingia.

Mei 2025 Disney nao walitangaza kwamba bustani yao itajengwa kisiwani Yas. Wapo wanaoniuliza kama waahirishe safari waisubiri. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili leo, nasema nendeni msimu huu, kwenye pengwini.