Fundi aliyenirudishia sauti akanikatia waya wa ethi

Amplifaya yoyote ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) iliyopita mikononi mwa fundi ninayemzungumzia hapa, usiichomeke nyumbani kwako kabla ya kuifungua nyuma, kuutafuta waya wa ethi, wa kijani au wa kijani wenye mstari wa njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kuona kwa macho yako kwamba umelehemiwa kwenye chasisi, lile bati linaloshikilia vyombo vya ndani. Wa kwangu ulikuwa umekatwa, ukazungushiwa utepe mweusi na kukunjwa nyuma ya transfoma, mahali ambapo mtu asiyejua anatafuta nini asingeuona kamwe. Jina lake silitaji, wala mtaa ilipo karakana yake, ingawa wapiga gitaa wa bendi za dansi za Dar es Salaam huenda wakamtambua, kwa sababu wengi wetu tumepita kwake na tumekuwa tukielekezana kwake kwa miaka mingi.

Nilimpelekea vitu viwili kwa pamoja: gitaa la Stratocaster ambalo pikapu yake ya kati (kimojawapo cha vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi) ilikuwa imekufa, na amplifaya ya Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1970, niliyoinunua kwa mwanamuziki mmoja mstaafu na ambayo hutumika hapa kwetu kwa msaada wa transfoma ya kushusha umeme. Kuhusu gitaa sina budi kumtendea haki, hata kama naandika nikiwa na hasira. Koili ya pikapu ni waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara juu ya sumaku, na ukikatika popote pikapu inanyamaza. Mafundi wengi niliowahi kuwaendea hukuambia ununue nyingine. Wachache wanaothubutu kuizungusha upya huongeza mizunguko kupita kiasi, wakiamini kwamba sauti kubwa ndiyo sauti nzuri, na hapo ndipo mng'ao wa juu unapopotea, kwa kuwa kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo koili inavyoyazuia masafa ya juu kupita. Kwa mpigaji wa sebene huo ni msiba, maana noti zinakimbia na kila moja lazima isikike peke yake.

Huyu aliniuliza kwanza napiga nini, na kwa nyuzi za unene gani. Akazungusha koili kwa kiasi, akaitumbukiza kwenye nta ya moto ili isipige mluzi sauti ikipandishwa, na juu ya yote hayo akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwomba: aliizungusha pikapu ya kati kinyume cha zile nyingine mbili na kuzigeuza sumaku zake. Maana yake ni kwamba ukichagua pikapu mbili kwa pamoja, mvumo wa umeme unaoingia kwenye koili moja unafutwa na ule unaoingia kwenye nyingine, ilhali sauti ya nyuzi inabaki. Kanuni hiyohiyo ndiyo aliyoitumia Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipoiombea hataza pikapu yake ya koili mbili mwaka 1955. Mtu anayefanya hivyo bila kuombwa anaelewa mvumo ni nini, unatoka wapi na unaondolewaje. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya nishindwe kumsamehe.

Amplifaya nayo, kwa upande wa sauti, ilirudi ikiwa nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Alibadilisha kapasita za kuchuja umeme, ambazo zilikuwa zimekauka kwa uzee, na ule mvumo mzito wa hetsi 100 uliokuwa ukisikika hata gitaa likiwa limechomolewa ukaisha kabisa. Akazipima valvu mbili za mwisho, zile zinazoisukuma spika, na kuurekebisha mkondo wake, kazi inayohitaji utulivu kwa sababu ndani ya amplifaya ya aina hii kuna zaidi ya volti 400, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Valvu zikipewa mkondo mdogo sauti inakuwa kavu na nyembamba, zikipewa mwingi zinaiva hadi wekundu na kufa mapema. Yeye alizipatia. Nilipopiga noti za kwanza pale karakana, sauti ilijaa na kupumua, na nikamlipa bila kuomba apunguze. Kwenye risiti ya mkono alikuwa ameandika mstari mmoja wa peke yake, wenye bei yake: kuondoa mvumo.

Mstari huo ulihusu tatizo jingine nililokuwa nimemweleza. Jukwaani gitaa langu huingia kwenye amplifaya na pia kwenye mikseta, mashine inayochanganya sauti za bendi nzima, na kila tunapofunga hivyo hutokea mvumo wa hetsi 50 ambao haupo nikitumia amplifaya peke yake. Sababu yake inajulikana: amplifaya ina njia yake ya kwenda ethi, mikseta ina ya kwake, na waya wa sauti unaziunganisha njia hizo mbili zikawa duara moja linalozungusha mkondo mdogo, ambao spika hutuletea kama mvumo. Dawa yake pia inajulikana. Unachomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja ya soketi au, hilo lisipotosha, unaweka kisanduku chenye transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye njia ya sauti inayokwenda mikseta. Duara linavunjwa upande wa sauti. Halivunjwi hata siku moja upande wa umeme.

Yeye alilivunja upande wa umeme. Alichukua koleo akakata waya wa ethi ndani ya chasisi, mvumo ukanyamaza, akaandika bei.

Ubaya wa ujanja huu ni kwamba haujionyeshi mapema. Katika maonyesho ya mwanzo hatukugundua lolote, kwa kuwa chasisi ilikuwa bado inapata ethi kwa kuazima, kupitia waya wa sauti uliokwenda kwenye mikseta. Siku tulipofanya mazoezi bila kuunganisha waya huo, amplifaya ilikuwa inaelea bila ethi yoyote. Amplifaya za Fender za zama zile zina swichi nyuma, na kapasita ndogo inayotoka kwenye waya wa umeme hadi kwenye chasisi. Pasipo ethi, kapasita hiyo inaijaza chasisi yote umeme, na chasisi imeungana na nyuzi za gitaa, kwa sababu nyuzi hufungwa pamoja nayo makusudi ili kupunguza kelele. Maikrofoni ya mwimbaji ilikuwa na ethi yake kupitia mikseta. Nilishika nyuzi kwa mkono wa kushoto, nikasogea kuitikia kibwagizo, na midomo yangu ilipogusa maikrofoni nilipigwa shoti iliyonirudisha nyuma hadi kwenye ngoma.

Mpiga besi wetu ana ndugu ambaye ni fundi wa umeme wa majumbani, mtu asiyejua tofauti ya solo na rizimu. Alipima kati ya nyuzi na maikrofoni, mita ikasoma zaidi ya volti 100. Akafungua, akauvuta waya uliokatwa, akaushika mbele yangu kwa vidole viwili bila kusema neno. Kisha akanieleza kwamba nilichopigwa nacho kilikuwa ni mkondo mdogo unaovuja kupitia kapasita ile, wa kuumiza tu, lakini kapasita yenyewe ina umri wa miaka zaidi ya 40, na siku itakapopasuka ndani na kushotika, umeme wote utakuwa kwenye nyuzi bila kitu cha kuuzuia. Ethi ikiwepo, fyuzi inaungua na mambo yanaishia hapo. Ethi ikikatwa, njia iliyobaki ni mwili wa mpigaji. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sawasawa. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Yardbirds, aliuawa na umeme wa gitaa nyumbani kwake mwaka 1976. Fundi wa amplifaya mwenye umri wa kuitwa mzee hana namna ya kutoyajua mambo haya.

Nilimrudia nikiwa na adabu zangu zote. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiilehemu. Nikamweleza.

"Ulilalamikia mvumo," akasema. "Mvumo upo?"

"Haupo, mzee, lakini nimepigwa shoti ya mdomoni."

"Basi lakini ya nini? Kazi uliyoitaka imefanyika."

Nilimwuliza kama amewafanyia hivyo wengine. Akajibu kwamba ndivyo anavyofanya miaka yote na hakuna aliyewahi kufa, kisha akawageukia wateja waliokuwa wakisubiri na kuwaambia kwamba vijana wa siku hizi wanasoma mambo kwenye simu halafu wanakuja kumfundisha fundi kazi. Walicheka. Mimi sina ugomvi na kuchekwa. Kilichoniuma ni lile neno lake la kuwafanyia wote. Kuna amplifaya ngapi katika mji huu zinazofanya kazi kwa ethi ya kuazima, na wapigaji wake hawajui, kwa sababu hawajawahi kuchomoa waya wa mikseta?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba asiende mtu kwake. Katikati, nilipofika kwenye pikapu, nilisita, kwa kuwa leo hii nikichagua pikapu ya kati na ya nyuma kwa pamoja napata sauti safi, tulivu, yenye mng'ao ule ninaoutafuta tangu nilipoanza kupiga, na sijui mtu mwingine hapa mjini anayeweza kunipa. Nikawaza niandike hivi: pelekeni magitaa, msipeleke amplifaya. Ingekuwa hukumu ya haki.

Lakini kila nikiusoma tena mstari ule wa risiti hukumu hiyo inanishinda. Asingejua, ningesema ni ujinga, na ujinga unafundishika. Alijua. Mikono iliyozungusha koili kinyume ili mvumo ujifute wenyewe ndiyo iliyokata ethi wiki hiyohiyo, juu ya meza hiyohiyo, kwa sababu kukata kunachukua dakika moja na kisanduku cha kutenganisha kinahitaji kuagizwa na kusubiriwa. Angeniambia tu, "Kijana, mvumo huu si wa amplifaya, ni wa namna mnavyofunga vyombo vyenu," ningemlipa kwa ushauri huo bei ileile na kumshukuru. Kwa hiyo hapana, hata gitaa usimpelekee, mpaka atakapowaita wote aliowakatia na kuwaunganishia upya bila malipo.

Waya wangu umekwisha kulehemiwa, na ile kapasita ya kizamani tumeiondoa kabisa, jambo ambalo haliathiri sauti hata kidogo. Tunachomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, na mvumo uliobaki ni mdogo kiasi kwamba ngoma zikianza hausikiki. Kuna valvu zangu mbili za akiba zilizobaki kwake, alizosema atazipima akipata nafasi. Nimemtumia ujumbe nikiziomba na hajajibu. Safari hii nitamtuma mpiga besi akazifuate, kwa sababu mimi nikienda sidhani kama nitaweza kumwamkia.