Ricoh GR III kwenye mbio za mchana Mwanza: inafaa, ukiipanga kabla ya kutoka

Mwenye saa moja ya chakula cha mchana katikati ya jiji la Mwanza anaweza kukimbia taratibu kutoka Posta, akashuka Kamanga, akapita Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani, akaingia Capri Point na kugeuza. Ni kilomita tano hivi. Kwa mwendo wa dakika saba na nusu kwa kilomita zinabaki dakika kumi za kusimama na kupiga picha, na nyingine kama kumi za kujimwagia maji kabla ya kurudi ofisini. Tathmini hii inaitazama Ricoh GR III, kamera ndogo ya mfukoni, kwa kazi hiyo moja tu. Harusi, mpira na studio havimo.

Kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha iache nyumbani. Inagonga mbavu, inavuta shingo, na ukifika barabara ya ziwani umeshachoka kuishika kuliko kukimbia. GR III, iliyotoka mwaka 2019, ina gramu 257 ikiwa na betri na kadi, na unene wa milimita 33. Ndani kuna sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ya ukubwa wa APS-C na megapikseli 24, kubwa mara kadhaa kuliko ya simu. Lenzi haina zumu: ni pana, sawa na milimita 28, na apacha yake, tundu linaloingiza mwanga, inafunguka hadi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ukiiwasha iko tayari ndani ya sekunde moja, na ukiizima lenzi inarudi ndani na kujifunga yenyewe, hakuna kifuniko cha kudondosha mtaroni.

Kinachoifanya ifae mbio ni fokasi ya kupanga mapema, ambayo kwenye menyu inaitwa Full Press Snap. Unachagua umbali mwenyewe: mita 1, 1.5, 2, 2.5, 3.5, 5, au mbali kabisa. Baada ya hapo, ukibonyeza kitufe chote kwa mara moja bila kusita katikati, kamera haitafuti fokasi, inapiga. Weka mita 2.5 na apacha f/8, na kila kitu kuanzia mita moja na kidogo mbele yako hadi upeo wa ziwa kitakuwa kikali. Mkokoteni unashuka kuelekea Kamanga na matenga ya nyanya, msukumaji amejivuta nyuma kuuzuia, visigino vinachimba lami. Huna muda wa kusubiri kamera ifikirie. Unainua mkono, unabonyeza, unaendelea na mbio. Ukifungua apacha hadi f/5.6 kwa umbali huohuo, ukali unaanza kama mita 1.4 na kuishia mita 15 hivi, kwa hiyo mtu atatoka vizuri lakini vilima vya nyuma vitalainika. Wengi hukosea hapa: wanaweka Snap, kisha wanabonyeza nusu kwa mazoea ya kamera nyingine, fokasi ya kawaida inaingia, mtu ameshapita. Kidole kishuke chote.

Sasa jua, maana hilo ndilo tatizo lenyewe, na hakuna kamera itakayokuondolea. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta na iko magharibi kabisa ukilinganisha na mstari ambao saa zetu zinaufuata. Ndiyo maana jua halifiki utosini saa sita kamili. Kwa wastani linafika saa saba kasoro dakika 12, likisogea kidogo kulingana na mwezi. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linakaa wima kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mbio za chakula cha mchana zinaangukia palepale: macho ya watu yamezama kwenye giza la paji la uso, na miamba inang'aa mpaka rangi yake inapotea.

Mpangilio unaohimili hali hiyo ni huu. Hali ya M (unapanga mwenyewe), apacha f/8, kasi ya shata sekunde 1/1000, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya otomatiki kati ya 200 na 3200. Juani kamera itatua kwenye ISO 200 yenyewe. Ukiingia vichochoro vya Makoroboi kwenye kivuli cha maturubai itapanda bila wewe kugusa kitu. Kasi ya 1/1000 si ya anasa. Kamera ina kitulizi cha mtikisiko, lakini kinatuliza mkono unaotetemeka, hakitulizi mwili unaopanda na kushuka kila hatua. Upimaji wa mwanga uweke ule unaolinda sehemu angavu, na piga DNG, faili ghafi, badala ya JPEG peke yake. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye skrini, acha hivyo. Giza la usoni utalinyanyua nyumbani, lakini jiwe lililoungua limeungua, hakuna programu itakayolirudisha.

Kwa picha ya mtu, usimwache juani. Mwombe asimame chini ya kibanda, kama nusu mita hadi mita moja ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukitazama barabara. Lami na ukuta mweupe wa ng'ambo vinamrudishia mwanga laini usoni, na macho yanapata nukta ya uhai. Mita tatu ndani ni mbali mno, uso unarudi kuwa bapa. Na omba kwanza: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha na dagaa wako." Akikataa, shukuru uondoke. Bandari na vivuko ni sehemu za ulinzi; getini na ndani usiinue kamera bila ruhusa, hata kama meli inakuita. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, haitakimbia.

Jiwe la Bismarck lenyewe linataka uwahi. Ukiwa ufukweni unalitazama upande wa magharibi, ziwani, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni kwako na kuanzia saa nane linahamia mbele ya lenzi. Katikati ya hapo kuna nafasi fupi ambayo watu wengi wanaidharau. Maji yakitulia, mwanga wa utosini unagonga ziwa na kurudi juu, unaingia chini ya tumbo la jiwe la juu pale lilipokalia lenzake, na mistari ya mwanga inatembea polepole kwenye ule weusi. Chuchumaa, shusha kamera karibu na maji, tumia mkono wa kushoto kama kofia ya lenzi kwa kuwa GR haiji na kingajua. Upepo ukianza kukunja maji mistari inavunjika. Usingoje, endelea na mbio.

Ndege kama makorongo kwenye miti na minandi juu ya mawe si kazi ya kamera hii. Kuna kitufe cha kukata picha iwe sawa na milimita 35 au 50, lakini unalipa kwa pikseli: kwenye 35 zinabaki megapikseli 15 hivi, kwenye 50 saba tu. Kwa skrini ya simu saba zinatosha, kwa kuchapa bango hazitoshi. Upande wa pili, kwa vitu vya karibu ni hodari. Washa makro na unaweza kusogea hadi sentimita 6 kutoka kwenye lenzi: dagaa mmoja mkavu anajaza picha, na chumvi ya jasho kwenye kamba ya kofia inaonekana punje kwa punje.

Kasoro kubwa ya kwanza ni maji na vumbi. Mwili haujazibwa dhidi ya unyevu, na kamera yoyote ambayo lenzi yake inatoka na kurudi inapumua, ikivuta hewa pamoja na kilichomo ndani yake. Usiitie mfukoni mwa bukta ikiwa tupu. Jasho la paja linaingia kwenye vitufe, na kila hatua inaipiga mfupa. Tumia mkoba wa kiunoni wa kunyumbulika, uvaliwe ubavuni juu ya nyonga, kwa sababu mgongoni ndiko jasho linakotiririka. Ndani ya mkoba weka kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu. Au ishike mkononi kwa kamba yake ya kifundo cha mkono inayokuja kwenye boksi, ukibadilisha mkono kila kilomita. Gramu 257 hazichoshi. Siku ambayo wadudu wadogo wa ziwani wametanda kama moshi, usiiwashe ukiwa katikati yao.

Tatizo jingine linaanzia ofisini. Ukiitoa kamera kwenye chumba cha kiyoyozi na kutoka nayo moja kwa moja kwenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa ziwa, lenzi inapiga ukungu. Kuufuta kwa fulana kunapaka jasho na kukwaruza kioo. Itoe ikiwa imefungwa kwenye mfuko wake, iweke varanda au dirishani kivulini dakika kumi kabla ya kuondoka.

Betri ni dhaifu. Kiwango cha mtengenezaji ni picha 200 hivi, na joto pamoja na skrini iliyoongezwa mwanga vinapunguza. Mbio moja haitaimaliza, lakini mbili mfululizo bila chaji zitakuacha barabarani. Inachaji kwa waya wa USB-C, ule wa simu nyingi, hivyo ichomeke mara tu unapokaa mezani. Skrini ndiyo dirisha pekee, hakuna tundu la kuchungulia, na juani huoni zaidi ya umbo. Kwa lenzi pana si balaa kubwa: jifunze kukisia fremu kwa macho, elekeza kifua chako kwa unachokipiga, na angalia upeo wa ziwa usiinamie upande.

Simu je? Simu nzuri inatosha kwa wengi. Inashindwa pale vidole vilivyolowa jasho vinapoteleza kwenye kioo na kufungua kila kitu isipokuwa kamera. GR inaendeshwa kwa vitufe vya kubonyeza kweli, na mkono mmoja unatosha. Kama hupigi picha zaidi ya kumi kwa wiki, usinunue.

Ukirudi, futa mwili kwa kitambaa kikavu kabla jasho halijakauka na kuacha chumvi, puliza ukingo wa lenzi kwa pampu ndogo ya mpira lenzi ikiwa imefungwa, na acha mkoba wazi ukauke. Mara moja kwa wiki piga anga tupu kwa f/16 ukuze picha kwenye kompyuta. Doa jeusi lisilohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi juu ya sensa, na hapo usijaribu kufungua mwenyewe. Lenzi haitoki, inahitaji fundi wa kamera.