Miche ya Kivuli kwa Banda la Kuku Dodoma: Ipi Ununue, Ipi Uiache Kitaluni

Habari zenu wafugaji, karibuni. Leo mezani hakuna chakula wala chanjo, kuna miche. Nimeipanga hapa kama inavyouzwa kitaluni: mwarobaini, mlonge, mzabibu, mforsadi. Na kwenye ile ndoo pale pembeni kuna vitu ambavyo sitaki uviweke karibu na kuku wako, tutavifikia.

Kipimo changu ni kimoja: Oktoba mti una majani au hauna? Februari hapa Dodoma kila kitu ni kijani, hata kichaka cha njiani kinakuvutia. Lakini mvua zetu zikishakata Aprili ndiyo basi mpaka karibu na Desemba, na joto kali linatukuta Oktoba na Novemba, jua likiwa la utosi kabisa. Kuku hatoi jasho. Ukimwona anahema mdomo wazi, mabawa ameyaachia mbali na mwili, ameshazidiwa. Hapo atakula kidogo, na mayai yatapungua.

Tuanze na mwarobaini. Huu ndio namba moja kwangu. Ukishashika mizizi unavumilia ukame na unabaki na kivuli wakati miti mingine imekauka. Halafu majani yake machungu, kuku hawayashambulii. Upande upi? Magharibi mwa uwanja, kwa sababu jua la saa tisa ndilo linalowatesa kuku, ardhi nayo imeshapata moto. Usiupande ukutani, ni mti mkubwa, upe nafasi. Na kuna mtu atauliza kuhusu kuchemsha majani yake kutibu kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi kwa mpigo. Jamani, kideri hakina dawa. Ni chanjo, ile ya I-2 tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3. Mwarobaini nunua kwa kivuli.

Mlonge una sifa nyingi, na nyingine ni za kweli: unakua haraka, majani yana protini, kuku wanayapenda. Shida ni hiyo hiyo, wanayapenda mno. Mche mchanga ndani ya wavu haufiki wiki. Na ukame ukikaza unapukutisha majani, unabaki fimbo. Panda nje ya wavu, uwakatie majani uwarushie. Kama kivuli, hapana, haunitoshi.

Mzabibu najua wengi mnautaka, sisi ni watu wa zabibu. Kwenye chanja juu ya banda unapendeza kwelikweli. Ila mzabibu lazima upogolewe, na ukishapogolewa jua linapita. Tena zabibu zetu hupigwa dawa za ukungu. Dawa hiyo ikidondokea kwenye maji na chakula cha kuku, umejitafutia balaa. Naupa alama za chini, samahani.

Mforsadi umenifurahisha. Unapandwa kwa kipande cha tawi tu, ukipogolewa unachipua, matunda yakidondoka kuku wanagombania. Unataka maji kuliko mwarobaini, kwa hiyo upande pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo vya kunyweshea. Mahali hapo kila asubuhi pana unyevu, na sisi wa maji ya mgao hatumwagi ovyo.

Sasa ndoo. Huu ni mnyaa, ile miti ya kijani isiyo na majani tunayozungushia ua. Tazama nikiukata, nimevaa miwani na glovu: maziwa hayo. Yakiingia jichoni, la kuku au la mtoto wako, yanaunguza, unaweza usione kwa muda. Kama ua wako tayari ni minyaa, usiung'oe wote kwa siku moja. Weka wavu ndani yake ili kuku wasiufikie, na matawi mliyokata msiyaache uwanjani. Hizi nyingine ni mbegu za nyonyo, zina madoa mazuri kama zimechorwa. Ni sumu kali, na kuku anadonoa chochote kinachong'aa. Mnyonyo ukijiotea karibu na banda, ng'oa kabla haujazaa. Mparachichi nao, majani na magome yake si salama kwa ndege. Olianda, lile ua la pinki lenye majani membamba magumu, liache kwenye bustani za watu.

Mche wowote utakaochagua, kuku wataupekua shinani mpaka mizizi ionekane. Panga mawe makubwa kuzunguka shina, kisha zungushia wavu mpaka mti uwe mgumu. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mche, iache ioze kwanza. Matawi yanayoning'inia juu ya wavu kata, maana mnyama mwizi wa kuku hahitaji zaidi ya hapo kuingia. Kwa Oktoba hii, kabla mti haujakua, funga neti ya kivuli au ezeka nyasi upande wa magharibi.

Mwisho, kitaluni usidanganywe na urefu. Huu mrefu hapa, nageuza kiriba, huu mfuko wa plastiki wa mche: ona mizizi imetoboa chini na kujizungusha kama uzi. Ulikaa humo muda mrefu mno. Huu mfupi, shina nene, mizizi haijatokeza. Chukua huu, upande mvua za kwanza zikishalowesha ardhi.