Ile mashine ya gololi zinazobembea: nimenunua, maoni yangu haya hapa

Wengi mmeshaona video zake, fremu ya mbao, gololi 15 za chuma zinaning'inia kwenye nyuzi, kila uzi mfupi kidogo kuliko wa jirani yake, unazivuta zote kwa pamoja na kipande cha ubao halafu unaachia. Niliagiza mtandaoni, duka silitaji.

Ikiwa imesetiwa vizuri aisee, macho hayabanduki. Zinaanza zote sambamba, baada ya muda kidogo zile fupi zinatangulia na mstari mzima unajipinda kama nyoka anatembea, kisha zinavurugika kabisa unasema basi imeshaharibika hii, mara sekunde ya 20 unaona zimejipanga makundi matatu, sekunde ya 30 makundi mawili, moja huku inayofuata kule, halafu mchezo wote unarudi kinyumenyume mpaka dakika inapotimia zipo pamoja tena. Hakuna betri wala sumaku. Ni urefu tu, yaani ya uzi mrefu inaenda na kurudi mara 51 kwa dakika, inayofuata 52, halafu 53, hivyo hivyo mpaka ya mwisho 65. Waliosoma fizikia sekondari si mnakumbuka ile praktiko ya uzi na stopwochi, ndiyo hiyo hiyo ila hapa zimewekwa 15 kwa mpigo.

Sasa kero. Yangu ilikuja gololi ya 9 haielewani na wenzake, kwenye yale makundi mawili yenyewe inakatiza katikati. Nikamtext muuzaji akasema eti ndivyo zilivyo. Wapi! Nilihesabu, inatakiwa ipige 59 kwa dakika, ilikuwa inapungukiwa kama nusu ya pigo moja hivi, maana yake uzi umezidi milimita 4 tu, na hizo 4 zinatosha kuharibu shoo nzima. Kuirekebisha ni kazi ya subira kwa sababu kila gololi imefungwa nyuzi mbili zenye umbo la V ili isiyumbe pembeni, kwa hiyo ukivuta upande mmoja gololi inahama kwenye mstari, lazima uvute zote mbili sawasawa, halafu usipime uzi wenyewe, pima wima kutoka kwenye fito ya juu mpaka katikati ya gololi. Ya uzi mrefu inatakiwa iwe kama sentimita 34.4 na ya mwisho 21.2. Nikimaliza kukaza skrubu nikaachia, ikakubali, dogo wangu akapiga kelele nyumba nzima.

Zima feni kwanza, upepo wake unazichanganya. Pia usizivute mbali sana, kidogo tu inatosha, ukizidisha hesabu zinapotea.

Zipo za bei ya chini zenye vishanga vya plastiki, achana nazo. Uzito haubadilishi mwendo lakini kitu chepesi hewa inakimaliza haraka, dunduliza hela uchukue za chuma. Nimeipa nyota 4, ile ya 5 nimemnyima kwa lile jibu lake na kwa kutoweka hata uzi wa akiba kwenye boksi. Anayejua wapi Dar naweza kupata uzi mwembamba usiovutika aniambie, ule wa nailoni wa kuvulia naona unarefuka wenyewe.