Umefunga tabo kwenye 1HZ? Kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Anayepanda mlima wa Manyovu, huku Kigoma, na simenti kwenye Land Cruiser ya 1HZ isiyo na tabo anajua kuvumilia: gia ya pili, kelele nyingi, na Noah zinampita. Ndiyo maana watu wanafunga tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Injini hiyo ni ya lita 4.2, silinda sita, torki yake (nguvu ya kuzungusha) Nm 285, na Toyota waliiunda ipumue yenyewe. Ukiifungia tabo ya kiasi, presha ya paundi 7 hadi 10 (psi), na fundi pampu akaongeza dizeli kidogo, torki hupanda kwa karibu theluthi nzima. Joto nalo hupanda. Hela iliyobaki baada ya kufunga tabo iende kwenye kulidhibiti joto hilo kwanza, na klachi ambayo kila mtu anaiulizia naiweka nafasi ya tatu. Klachi ikiteleza utafika nyumbani kwa kubembeleza. Hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) ikipasuka unavutwa.

Namba moja: geji

Geji ya joto kwenye dashibodi ya Toyota nyingi za zamani imetulizwa makusudi. Mshale unakaa katikati muda wote injini ikipanda nyuzi kadhaa, kisha unaruka ghafla wakati mambo yameshaharibika. Nunua vitu viwili. Cha kwanza ni geji ya joto la moshi, ambayo waya wake wa kupimia unachomekwa kwenye manifoldi ya moshi, kabla ya tabo. Muuzaji akikwambia uufunge baada ya tabo kwa sababu ni rahisi kutoboa bomba, mkatalie: mzigo ukiwa mzito, moshi uliokwisha kupita kwenye tabo unaweza kusoma nyuzi 100 na zaidi chini ya joto halisi. Kwenye mlima mrefu mimi nashikilia nyuzi 600. Mshale ukikaribia 700 naachia mafuta na kushusha gia, hata kama nyuma kuna basi linapiga honi.

Cha pili ni kengele ya joto yenye kihisi kinachofungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi, karibu na nyumba ya thamostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto). Kihisi cha kiwandani kinategemea kuzungukwa na maji. Paipu ikipasuka na maji yakaisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kushuka huku injini inaungua. Kile cha kwenye chuma hakidanganyiki hivyo. Hedi ya 1HZ iliyochemka hupenda kupasuka kwenye vyumba vya awali vya kuunguzia, kuelekea kwenye valvu, na ufa wa hapo hauonekani mpaka hedi ishushwe. Ukilinganisha na bei ya hedi, geji hizi mbili ni hela ndogo.

Wenye supachaja (kama tabo, ila huendeshwa na mkanda) kwenye Prado za petroli, mpangilio wenu ni huuhuu, ila msinakili namba zangu. Moshi wa petroli kwa kawaida una joto kubwa kuliko wa dizeli, na mkanda wa supachaja unaongeza mzigo wake mbele ya injini.

Namba mbili: rejeta, kifuniko na feni

Hapa usiwe na haraka, maana madukani kuna aina tatu za rejeta na tofauti zake ni kubwa.

Ya shaba yenye tenki za shaba ndiyo ninayoipendekeza kwa Kigoma. Ni nzito na bei yake inauma, lakini fundi rejeta yeyote mwenye risasi na moto anaiziba, anaifungua tenki na kupitisha fimbo kwenye mirija. Ya alumini nzima inapoza vizuri sana, tatizo ni kwamba ikipata ufa kwa mtikisiko unahitaji fundi wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni, na huyo hapatikani kila kona. Ya alumini yenye tenki za plastiki naiweka mwisho: kwenye gari lisilo na tabo inafaa, kwenye gari lenye tabo plastiki inachoka kwenye maungio na hakuna wa kuitengeneza.

Usidanganywe na unene. Rejeta ya safu nne yenye mapezi yaliyobanana sana inazibwa na tope la masika na vumbi jekundu, na hewa haipiti tena. Safu tatu zenye nafasi ya kupitisha maji ya bomba kwa kusafishia zinatosha.

Kifuniko cha rejeta gharama yake ni sahani chache za wali kwa mgebuka, na watu bado wanatembea na kilicholegea. Kasulu, juu ya mita 1,200, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya bar 0.9 kinayafikisha zaidi ya 115. Nunua chenye namba ileile ya kiwandani.

Ndani weka kulanti (dawa ya rejeta) nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Maji ya kuongezea betri yanafaa, siyo asidi. Maji ya ziwa usiweke kabisa. Tanganyika ni ya alkali, pH inakaribia 9, na madini yake ndiyo yale meupe unayoyaona ndani ya birika.

Feni ya kiwandani, ile yenye kaplini ya mafuta ya silikoni, ibaki. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono: ikijizungukia kama pangaboi, kaplini imekwisha, ibadilishe au itiwe mafuta mazito ya silikoni, yale ya uzito wa 10,000 cSt. Hakikisha na lile kava linaloizunguka feni lipo, magari mengi ya mkononi hayana. Feni mbili za umeme za rangi rangi ziache dukani.

Halafu kuna ushauri wa gereji: "Bosi, toa thamostati, joto litaisha." Kwenye injini yenye njia ya mkato, inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, thamostati ndiyo inayoiziba njia hiyo injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kufika kwenye rejeta. Nunua mpya, orijino.

Namba tatu: klachi

Chukua pleti ya kawaida ya kazi nzito pamoja na presha pleti yenye nguvu zaidi ya kubana. Inapokea taratibu, na kwenye tope la Kibondo unahitaji kuachia klachi nusunusu bila gari kuruka. Ya vipande vya seramiki ni ya mashindano: inashika kwa kishindo, inakula flaiwili, na mtikisiko wote unaishia kwenye giaboksi. Kabla ya kutuma hela Dar, hesabu meno ya pleti ya zamani na upime kipenyo. 1HZ hazina klachi ya aina moja. Flaiwili ichongwe, na rilizi beringi ibadilishwe siku hiyohiyo, maana hakuna anayetaka kushusha giaboksi mara mbili.

Vinavyosubiri

Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) inasaidia kushusha joto la moshi, lakini kwa paundi 7 si lazima, na ukiifunga mbele ya rejeta umejirudisha nyuma. Difu usiiguse: ya nyuma ya Land Cruiser 79 ni ya inchi 9.5, na aina hiyohiyo inabeba V8 ya dizeli yenye Nm 430. Weka oili mpya, tia grisi kwenye UJ (maungio ya propela shafti), na mlimani na mzigo usikanyage mafuta ukiwa gia ya tano. Rudi ya nne.